Nirudishiwe Kosa la Gari Langu

Bunia, Nyakasanza, Alhamisi, Februari 2003

Kwa Bwana Lionel,
Président wa Kamati ya Mafundi wa Magari, garaji za nyuma ya soko,
tena mkwe wangu mheshimiwa.

YAHUSU: Kosa la gari langu, lililofutwa na mwanachama wako bila ruhusa, na ombi la kurudishiwa.

Bwana Président,

Kabla ya yote nauliza hali yako, ya mama wa nyumbani kwako, na ya lile goti lako la kushoto. Sisi huku tunapumua. Juzi risasi zilipita juu ya paa, lakini hazikuwa zetu, zilikuwa zinaenda mbele.

Nakuandikia wewe kwa sababu mbili. Ya kwanza, wewe ndiye mkubwa wa mafundi wote wanaofungua kapo, mifuniko ya mbele ya magari, nyuma ya soko. Ya pili, fundi ninayemshitaki ni Tharcisse, mtoto wa ndugu yako, mume wa binti yangu Solange, na wewe mwenyewe ndiye uliyekuja kwangu kumposea. Unaijua desturi yetu. Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawali sahani moja, hawasemezani. Tangu siku ile ya mahari, Tharcisse akinikuta njiani anageuka kutazama ukuta, na pasipo na ukuta mimi ninajifanya naokota kitu. Tumeishi hivyo vizuri sana. Sasa amekosa, na mimi siwezi kumgombeza. Ningemtuma Solange kama kawaida, lakini mimba yake iko mwezi wa tisa, miguu imevimba, na mkunga amekataza asiletewe habari za kumkasirisha. Basi nimeona nikuletee wewe.

Gari lenyewe unalijua. Ni lile jeupe la Kijapani, la zamani kidogo, ambalo marehemu mume wangu Roger alilinunua Kampala na kulileta mwenyewe, akipiga honi tangu mpakani. Serikali ilipoacha kutulipa walimu niliweka chaki chini nikashika samaki. Njia ikiwa wazi gari linashuka ziwani Kasenyi na kupanda na samaki wa chumvi, na hao ndio wanaolisha nyumba. Njia ikifungwa linakaa uani, likinuka. Ndilo pia litakalompeleka Solange maternité siku yake ikifika, maana kutoka kwetu ni mbali na hakuna teksi inayokubali tena kupita bariera zote zile za askari.

Lina ugonjwa. Samahani, lilikuwa na ugonjwa. Asubuhi ya baridi lilikataa kuwaka mpaka lisukumwe, likatoa moshi mweusi kama tanuri la matofali, lakini likishapata moto lilikwenda vizuri mpaka jioni. Mbele ya usukani taa ndogo ya rangi ya chungwa, iliyochorwa mfano wa motere, moyo wa gari, iliwaka siku zote. Tharcisse ndiye aliyetufundisha, kupitia kwa Solange, kwamba taa ile inasema. Chini ya kapo, karibu na batri, kuna kisanduku chenye mfuniko, na ndani mna matundu. Ukiunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, kisha ukazungusha ufunguo bila kuwasha motere, taa inaanza kukonyeza. Yetu ilikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza tena mara mbili. Hiyo ni ishirini na mbili. Na ishirini na mbili, kwa lugha ya magari ya aina hiyo, ni kidude kinachopima joto la maji ya motere. Yaani gari halijui kama lina baridi au lina moto. Kosa hilo linakaa akilini mwa gari hata ukizima na kwenda kulala, mpaka atokee mtu alifute.

Haya yote wewe unayajua kuliko mimi. Nimeyaandika ili ujue kwamba mimi pia nayajua, usije ukanijibu kwamba mimi ni mama wa samaki tu.

Sasa malalamiko yangu.

1. Amefuta bila kuuliza. Jumapili nilikuwa misa. Tharcisse alijua niko misa, na ndiyo maana alikuja saa ile, kwa ajili ya heshima. Akafungua kapo, akafanya mambo yake huko chini, akachomoa waya wa batri, akangoja, akaurudisha, akaenda zake. Nilipofika nilimkuta jirani yangu Mama Vahwere kwenye geti, anacheka mpaka meno ya nyuma. Akaniambia: "Mukwe yako alipita. Anasema ni cadeau ya mama. Gari iko muzima sasa, hata taa imezimika."

Zawadi! Mtu anakuja kwako wakati unaongea na Mungu, anakuondolea kitu ulichokizoea miaka, halafu anaita zawadi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na lile lilikuwa zimwi langu. Ningekuwepo nisingeweza kumwambia kitu, ni kweli, lakini ningepiga honi. Ndivyo tunavyofanya kazi mimi na yeye: yeye yuko mbele, mimi nyuma ya usukani, kapo imefunguliwa katikati yetu na kuwa ukuta wa heshima. Akitaka kuniuliza anagonga bati. Mimi ninajibu kwa honi, moja ndiyo, mbili hapana. Jumapili ile ningepiga mbili, na Nyakasanza yote ingesikia.

2. Amezima mlinzi wangu. Tangu vita ianze, kila kundi linaloingia mjini linaanza na kazi moja, kutafuta magari. Wanauita mchango wa vita. Mama Faida, wa nyumba ya kona, alichangia pikapu nzima, na mpaka leo umerudi mlango mmoja. Gari langu wamelijia makundi matatu, moja baada ya jingine kadiri mji ulivyobadilisha wenyewe, na yote matatu yameliacha. Kila mara Tharcisse aliitwa, akaweka waya kwenye matundu, na mkubwa mwenyewe akaketi kwenye kiti akahesabu taa. Wa kwanza alihesabu kwa Kifaransa, deux, deux. Wa pili alihesabu kwa Kilingala, mibale, mibale. Wa tatu alihesabu kwa Kiswahili, akarudia kwa sababu hakuamini, ikatoka mbili na mbili vilevile. Ndicho kitu pekee ambacho makundi yote yamekubaliana katika mji huu. Askari haogopi gari bovu, atalichukua tu na kulitupa njiani. Lakini ugonjwa wenye namba unamtisha, anaona ni ugonjwa uliosoma.

Tena uangalie vizuri, hatukumdanganya mtu. Kosa lilikuwa la kweli. Mimi ni Mkristo na sidanganyi, hata askari. Leo gari ni zima, na wakija nitawaambia nini? Mkwe wangu amenifungia njia ya kuishi bila uongo. Kwa hilo peke yake kamati ingeweza kumfukuza.

Na wanakuja. Jumanne asubuhi niliwasha gari niende sokoni, likawaka mara moja, bila hata kukohoa. Fiacre, dereva wa komanda wa hawa wakubwa wa sasa, alikuwa anapita. Akasimama. Akasikiliza ule mlio kichwa kikiwa upande, kama mtu anayesikiliza kwaya. Kisha akaniambia kwa adabu kubwa, na adabu yao ndiyo ya kuogopa: "Mama, hii gari imepona. Samedi tunakuja kuiangaria." Bwana Président, Jumamosi ni keshokutwa.

3. Amewarudisha watu ndani. Zamani, kila asubuhi ya baridi, nilisimama mlangoni nikapiga kelele, "Nisukumeni!" na watu wakatoka. Unajua mtaa wetu ulivyo siku hizi. Kuna nyumba ambazo hazisalimiani tena. Kuna watu walioozeshana kijana na binti, leo wanapishana kama miti. Lakini gari linataka mikono, halikuulizi wewe ni wa wapi, nao walikuja wote wakaweka mikono kwenye buti moja. Na mtu hawezi kusukuma kimya, lazima ahesabu na wenzake. Baba Yannick na yule mzee wa nyumba ya mabati mekundu, ambao tangu mapigano ya Agosti hawajatazamana, walisemezana kwa ajili ya gari langu, ingawa walichosema ni, "Sukuma, weye! Usiegemee!" Wageni wa amani walituletea semina na soda, na haikufanya nusu ya kazi hiyo. Sasa gari linawaka lenyewe, na kila mtu amebaki nyumbani kwake na chuki yake.

4. Ameua saa. Siku Roger aliponunua gari, aliiweka saa yake kwa mkono wake, na saa ya Kampala iko mbele ya yetu. Alipofika Bunia alikataa kuirudisha nyuma, alisema mtu anayeishi mbele hashikwi. Nyumba yetu yote ikafuata saa ya gari. Ndiyo maana kila mara mji ulipokimbia, sisi tulikuwa tumeshakimbia saa moja kabla, na watu wakadhani nina ndugu jeshini. Waya wa batri ulipochomolewa saa ilikufa, na uliporudishwa ilianza upya kwenye saa saba, ugeni mtupu, haimjui mtu. Tharcisse alifuta ugonjwa wa gari na akafuta kidole cha Roger pamoja nao. Hapa sifanyi mzaha, Bwana Président. Nilikaa ndani ya gari nikalia mpaka Mama Vahwere akaja kuniuliza ni nani amekufa. Nikamjibu, yule yule.

5. Anakaa na mali yangu. Ule waya wa kusomea makosa si waya wa garaji. Ni kibanio changu cha karatasi, cha chuma safi, nilichotoka nacho shuleni siku ya mwisho, na ndicho mshahara pekee niliopata mwaka ule. Tharcisse alikikunjua kikawa kama mguu wa panzi, na tangu hapo yuko nacho. Kwa hiyo utaona kwamba kurasa za barua hii hazikushikana. Ukurasa wowote ukipotea, usinilaumu mimi.

Kwa sababu hizo zote, naomba kamati yako iamue haya yafuatayo.

Kwanza kabisa, kosa namba ishirini na mbili lirudishwe ndani ya gari langu kabla ya Jumamosi, likiwa zima kama lilivyokuwa. Ikiwa ishirini na mbili imekwisha, nitapokea jingine la heshima hiyohiyo, lakini msiniletee kosa dogo dogo, la taa ya nyuma au la mlango. Wakubwa wa siku hizi wamezoea, wanajua kuhesabu.

Pia mafundi wote wa mji wakatazwe kuponya gari lolote mpaka vita iishe. Fundi akishikwa na gari zima mikononi, alieleze lilikotoka.

Tena nimejiuliza, kwa nini magari peke yake? Wazazi wa shule yetu walichanga wakaezeka upya darasa la tano, na wiki ileile mabati yalivuliwa. Lile la sita linalovuja liko pale pale, hakuna aliyelitamani. Ng'ombe wanono wa Fataki wametembea mpaka sijui wapi, na waliobaki ni wale wa mbavu. Katika mji huu kitu kizima ndicho kinachochukuliwa. Basi kupona kuwe kwa ruhusa. Anayetaka kupaka nyumba rangi aandike barua. Anayetaka kunenepa aandike barua. Mimi mwenyewe tangu Jumanne nimeanza kuchechemea, na nimemshauri padri aipasue kengele ya kanisa kidogo tu, pembeni, kabla mtu hajaisikia vizuri. Tukifanya bidii sote, Bunia itaharibika vya kutosha mpaka hakuna atakayeitaka, na hapo tutapata amani ambayo imewashinda watu wa mikutano.

Najua utakachosema, maana wewe ni mtu wa akili: je, gari lenye kosa litawaka siku ya Solange? Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kimeniuma, kwa sababu ni mtoto wangu wa pekee, na tukichelewa njiani sitajisamehe. Lakini gari la kusukumwa ni bora kuliko gari lisilokuwepo, na wasukumaji hawajawahi kukosa kwangu.

Na mwisho, Tharcisse aadhibiwe. Asiguse kapo ya mtu mpaka mtoto wake atakapoota meno. Na adhabu hiyo asomewe na wewe kwa mdomo wako, kwa sauti kubwa, karibu na ukuta wangu, ili mimi nisikie bila kuwepo.

Sina mengi zaidi. Msalimie mama, wasalimie watoto kila mmoja kwa jina lake, wasalimie mafundi wote isipokuwa yule mmoja. Wasalimie ndugu zetu wa Kpandroma kama kuna mtu anayepanda huko. Goti lipakwe mafuta ya nyonyo yenye moto.

Ni mimi mkwe wako mwenye heshima na mwenye hasira,

Mama Anastasie,
zamani mwalimu wa darasa la sita, sasa wa samaki.

N.B. Ijumaa usiku.

Barua hii ilikuwa bado mezani, maana tangu asubuhi walikuwa wanapigana na hakukuwa na mtu wa kuileta. Baada ya saa sita mvua ikaja juu ya risasi. Katikati ya hayo yote Tharcisse akaingia uani kwangu amemshika Solange kiunoni, na Solange ameinama. Nilielewa bila kuambiwa.

Nilikwenda mlangoni nikapiga kelele, "Nisukumeni!" kwa mazoea. Hakuna mlango hata mmoja uliofunguka, wala siwalaumu, hata mimi nisingefungua. Wakati huo Tharcisse alikuwa ameshaketi. Akazungusha ufunguo, na gari likawaka. Katika baridi ile, na mvua ile, mara moja. Hapo ndipo nilipoanza kuona aibu ya kurasa zilizotangulia.

Mimi nilikaa nyuma na Solange. Tharcisse alikuwa mbele, amegeuza kioo kisinione. Nikasema: "Solange, ambia bwana yako apitie njia ya juu." Solange akamwambia. Yeye akajibu: "Ambia mama, kule juu maji imekata barabara." Solange akaniambia. Nikasema: "Mwambie basi apunguze mbio, atatuua." Hapo uchungu ukamshika mtoto wangu, akauma kiti, na ulipomwachia alipiga kelele ambayo sijawahi kumsikia nayo: "Musemezane wenyewe! Miye niko nazala!"

Desturi haikutuambia la kufanya hapo.

Kwenye bariera ya sokoni tukamkuta Fiacre. Alitazama kwenye dashibodi, taa haiwaki. Alisikiliza motere, inaimba. Akatabasamu, akasema: "Basi, samedi yetu imefika leo. Mushuke." Niliuona mkono wake kwenye mlango, nikamshika Solange, nikasema moyoni, tumekwisha.

Tharcisse alishuka. Akasema: "Chef, ungoje kwanza uone motere," akafungua kapo. Sikumwona tena, niliona bati tu. Halafu nikasikia anagonga. Mara moja, kama siku zote. Bwana Président, alikuwa ananiuliza. Sikujua anauliza nini, ila safari hii aliuliza. Niliruka kiti na miaka yangu hii, nikafika kwenye usukani, nikapiga honi moja.

Kumbe huko chini kuna kiwaya kinachoingia kwenye kile kidude cha joto la maji. Jumapili hakufuta tu, alikuwa amekisafisha na kukifunga upya, ndiyo maana gari lilipona kweli. Sasa alikivuta tu. Taa ya chungwa ikawaka mbele ya macho yangu. Akamwita Fiacre aketi, akazima, akaweka kibanio changu kwenye matundu. Fiacre alihesabu mwenyewe, kwa kidole. Mbili. Mbili. Akarudia. "Kumbe iko ile ile! Ugonjwa imerudi!" Akashuka kama mtu aliyekalia kitu kibichi. Na Solange alipopiga kelele nyingine alirudi nyuma kabisa: "Muende, muende! Samedi siji tena."

Nilikuwa nimeandika hapo juu kwamba sidanganyi askari. Lifute hilo, ni kosa, nitalipeleka mwenyewe kwa padri.

Tulipoipita kona Tharcisse alisimama, akashuka, akakirudisha kile kiwaya mahali pake kama mtu anavyovaa heleni. Alipoketi tena nilimtazama uso wake. Ni uso mzuri, ulikuwa umelowa. Nikamwambia: "Tharcisse, mwanangu, kimbiza." Akajibu: "Ndiyo, mama." Basi.

Mtoto ni msichana, mzima, ana sauti. Tulifika akiwa amebakiza kidogo sana azaliwe njiani, na mkunga amesema tungechelewa zaidi ya pale asingejua la kutuambia. Solange amelala. Mtaa umeshampa mtoto jina la Deux-Deux, na Mama Vahwere ndiye wa kulaumiwa. Nje ya maternité Tharcisse aliniuliza, yeye mwenyewe kwa mdomo wake, saa ya gari aiweke kwenye ngapi. Nikamwambia ya Kampala.

Kwa hiyo naomba ufute malalamiko ya kwanza, ya pili na ya nne. La tatu liache, bado linaniuma: mvua ilipokwisha na sisi kurudi nyumbani, watu walitoka kumwona mtoto, lakini walikuja nyumba moja moja. Kosa la gari usilirudishe, tunajua linapokaa. Adhabu ya Tharcisse ibadilishwe. Unajua kwamba kwetu mkwe na mama mkwe wakisemezana kabla ya wakati, kila upande unaleta mbuzi ili aibu iondoke. Mimi wangu nimeshamfunga kamba. Mwambie naye alete wake, uje Jumapili na goti lako, tutakula mimi na yeye sahani moja, na atakayecheka atakula nje. Watu wa Kpandroma wakisikia watasema vita imeharibu kila kitu. Hiki kimoja, wakiache kiharibike.

Ukurasa huu, Bwana Président, ukishausoma naomba upotee. Haukubanwa na kitu. Na kibanio changu sikidai tena. Kikae ndani ya gari, maana wakubwa wengine hawako mbali, na hao nao watataka kuhesabu.